Usipoziba Ufa: Historia ya Hewa ya Wizi katika Pikipiki

Wahenga walituachia mithali isemayo: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu twaijua tangu utoto. Twaitumia juu ya nyumba, na juu ya ugomvi wa ndugu. Leo twataka kuitumia juu ya ufa mdogo sana, ufa usioingia hata ukucha, ulio kati ya kabureta na silinda ya pikipiki. Labda mtu atauliza: Je, jambo hili lafaa kuandikwa katika gazeti la wakristu? Twajibu: ndiyo, lafaa. Maana ufa huo umezuia safari nyingi katika nchi yetu ya Maniema, na baadhi ya safari hizo zilikuwa za kumwendea mtu aliye karibu kufa.

Tuanze na safari zenyewe. Mwaka 1956 Kindu ilifanywa Vikarieti, na tarehe 10 Novemba 1959 ikawa Jimbo. Lakini jina la Jimbo halifupishi njia. Kutoka Kindu hadi Kalima, hadi Kibombo, hadi Punia, ni msitu, matope, mito na madaraja ya miti. Gari hukwama pale ambapo pikipiki hupita. Kwa hiyo pikipiki, au tukutuku kama wazee wetu walivyoiita, imekuwa miguu ya misioni, ya waganga na ya wachuuzi.

Nje ya Kongo pia watu waliliona jambo hilo mapema. Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati, alikuwa rubani wa ndege katika Vita Kuu ya kwanza kabla ya upadri wake. Rafiki yake, Padri Otto Fuhrmann, alitumwa katika nchi ambayo leo yaitwa Namibia. Huko alishikwa na homa, na mwaka 1925 akafa, kwa kuwa hakikuwako chombo cha kumfikisha upesi kwa mganga. Padri Schulte hakuishia kulia. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, kazi yake kuwapatia wamisionari vyombo vya safari: magari, pikipiki, mashua, hata ndege. Mwaka 1949 chama cha namna hiyo kikaanzishwa Austria, na makao yake yako katika mji wa Stadl-Paura. Kazi hiyo yaendelea hata leo. Wenye magari wa huko hutoa kiasi kidogo sana cha fedha kwa kila kilometa waliyokwenda bila ajali, na fedha hizo zikikusanywa hununua vyombo kwa ajili ya wengine.

Basi, kupewa pikipiki ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine. Hapo ndipo tunapofika kwenye ufa wetu.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi mashine inavyopumua. Pistoni ikishuka ndani ya silinda, huvuta hewa, kama mtu anavyovuta pumzi. Hewa hiyo hupita katika kabureta, na hapo huchukua petroli. Kipimo chake ni karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kisha mchanganyiko huo hupita katika bomba fupi, ambalo mafundi huliita manifoldi, ukaingia ndani ya silinda. Sasa, ikiwa pale bomba linapoungana na kabureta, au linapoungana na silinda, pana ufa, mashine itavuta hewa nyingine pale pale, hewa isiyopita katika kabureta wala kuchukua petroli. Sisi twaiita hewa ya wizi, maana haikupita mlangoni.

Hewa ya wizi ina hila. Tangi la petroli likitoboka, utaona matone. Mafuta ya mashine yakivuja, utaona doa chini. Lakini hapa hakuna kitu kinachotoka nje. Ufa wavuta kuelekea ndani. Kwa hiyo mwenye pikipiki haoni lolote. Aona dalili tu. Mashine ikiachwa ingurume bila mwendo, yapanda na kushuka yenyewe. Yakohoa kwa kabureta. Yakosa nguvu mlimani. Plagi, ambayo huku twaiita buji, ikifunguliwa yaonekana nyeupe kama mfupa. Mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi huzidisha joto, na asiyejali huweza kuona pistoni imeshika ndani ya silinda, au imetoboka katikati. Hapo ufa wa senti chache umekuwa deni la miezi mingi.

Ugonjwa huu ni wa zamani sawa na pikipiki yenyewe. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Cannstatt katika Ujerumani, walitengeneza chombo cha mbao chenye mashine ya petroli, na wengi hukitaja kuwa pikipiki ya kwanza ya namna hiyo. Mwaka 1893 Maybach alivumbua kabureta inayonyunyiza petroli katika hewa kwa kitundu chembamba. Tangu siku hiyo kipimo cha hewa kikawa jambo la heshima, na ufa ukawa adui.

Kisha twende Ubelgiji, nchi iliyoitawala Kongo tangu 1908 hadi 1960. Karibu na Liège pana mji wa Herstal, mji wa wafua silaha. Humo viwanda vitatu vilitengeneza pikipiki: FN, Saroléa na Gillet. Huku kwetu jina la FN lilijulikana kwa wengi kwa sababu ya bunduki kabla halijajulikana kwa pikipiki. Walakini FN walianza kuunda pikipiki mwaka 1901, na mwaka 1905 walishangaza watu kwa pikipiki yenye silinda nne zilizopangwa mstari. Kabureta ilikuwa moja tu. Bomba moja refu lilitoka kwenye kabureta, likagawanya mchanganyiko kwa silinda zote nne. Fikirini, wasomaji: silinda nne, na kila moja ina kiungo chake. Viungo vingi, nafasi nyingi za wizi. Mwendo wake ulisifiwa kwa ulaini, lakini fundi alipaswa kuviheshimu viungo vyake vyote.

Katika Uingereza, viwanda vitatu vya kabureta viliungana katika miaka ya 1920 vikawa kampuni ya Amal. Kabureta za Amal zikaenea duniani. Wakati wa Vita Kuu ya pili, kiwanda cha BSA cha Birmingham kilitengeneza pikipiki za namna ya M20 zaidi ya 100,000 kwa ajili ya jeshi, nazo zilikwenda pia katika Afrika. Kabureta yake ilifungwa kwenye silinda kwa masikio mawili, kila sikio na nati yake. Kati ya kabureta na silinda iliwekwa karatasi ngumu, yaani gasketi. Lakini masikio hayo yalikuwa ya madini laini yenye zinki. Mtu alipoona mashine yakohoa, alichukua spana akakaza. Ikikohoa tena, alikaza tena. Masikio yakavutwa mbele, katikati pakabaki nyuma, uso wote ukapinda kama ndizi. Ufa haukufungwa; uliongezeka. Hivyo mkono uliotaka kuponya ndio uliojeruhi.

Hapo yatupasa kukiri kosa letu wenyewe, maana sisi nasi tumo katika historia hii.

Miaka michache iliyopita tulikabidhiwa pikipiki ya parokia, ya senti-kubi 125, iliyokwisha kuzeeka. Haikuwa ya Uingereza, bali ya Asia. Lakini kabureta yake ilifungwa kwa masikio mawili vile vile. Jioni moja tuliona kabureta yatikisika kidogo. Tukachukua spana, tukakaza mpaka mkono ukauma, tukalala tukiwa tumeridhika. Kesho yake alfajiri kijana akaja na habari: babu yake, katika kijiji kilicho kando ya njia ya Kalima, amwita Padri. Tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, pikipiki ikiwa imelazwa ndani, mpaka Alunguli. Tukampakia Padri nyuma yetu, tukaenda.

Baada ya kilometa kama ishirini mashine ilianza kukohoa. Tukadhani ni petroli chafu. Tukasafisha. Ikawaka, ikanguruma yenyewe kwa kelele bila sisi kushika kitu, kisha ikazima. Tulipoifungua plagi ilikuwa nyeupe. Silinda ilikuwa na joto la kuchoma hata ukiikaribia tu. Tulingoja ipoe, tukaenda kidogo, ikazima tena. Mwishowe Padri alichukua mkoba wake akasema: «Mwalimu, tutembee.» Tukatembea, tukiisukuma pikipiki matopeni. Tulifika usiku. Mzee alikuwa amekufa jua lilipokuwa likizama. Jamaa zake hawakutulaumu hata kwa neno moja. Walitupa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Maji yale yalikuwa magumu kumeza.

Tuliporudi Kindu tuliipeleka pikipiki kwa mzee mmoja ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika karakana ya reli. Wasomaji wa Kindu waijua reli hiyo: ile ya kilometa 355 iendayo Kongolo, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu maporomoko ya Lualaba yalizuia meli. Yule mzee alijifunza kazi kwenye garimoshi za mvuke. Hakugusa spana kwanza. Alidondosha mafuta kidogo ya mashine kando ya kiungo huku mashine ikinguruma. Palipokuwa na ufa, mafuta yakavutwa ndani, na mlio ukabadilika papo hapo.

«Unaona, Mwalimu?» akasema. «Mvuke ukivuja, utauona na utakuunguza. Hewa ikivuja, haikuambii kitu. Lazima uiulize.»

Kisha akaifungua kabureta. Akaweka rula ya chuma juu ya uso wake, akatuonyesha mwanga ukipita katikati. Akatandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaipitisha kabureta juu yake polepole, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Mara ya kwanza masikio mawili tu yalingʼaa; katikati palibaki peusi. Akaendelea. Baada ya robo saa uso wote ulikuwa na rangi moja. Akaosha kila chembe ya unga wa msasa, maana chembe hizo zikiingia ndani hula silinda. Akaweka mpira mpya. Akakaza nati ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya kwanza tena, ya pili tena, kwa vidole viwili juu ya spana fupi. Tukamwuliza: «Baba, hiyo yatosha?» Akajibu: «Mwalimu, chuma hakitii hasira. Kikinyooka, kitakaa chenyewe.»

Neno hilo la mzee ndilo historia yote kwa ufupi. Maana mafundi wa ulimwengu walihitaji muda mrefu kulijifunza.

Tazameni Marekani. Wakati wa vita vile vile, Harley-Davidson walitengeneza kwa jeshi pikipiki za WLA na ndugu zake kadiri ya 90,000. Mashine yake ina silinda mbili zilizosimama kama herufi V, na kabureta yake hukaa kati yake, juu ya bomba lenye mikono miwili. Kila mkono ulikazwa kwenye silinda yake kwa nati kubwa iliyobana pete ya madini, karibu kama mafundi wa maji wanavyounga mabomba. Lakini silinda zikipata joto hutanuka, na zikipoa hurudi. Mashine nzima hutetemeka. Kama bomba halikunyooka sawasawa na matundu yote mawili, nati haiwezi kuziba hata ikikazwa kwa nguvu za watu wawili. Wale wanaotunza pikipiki hizo hata leo hujua kwamba kazi ya kwanza ni kulinganisha bomba na silinda, na kukaza ni kazi ya mwisho.

Dawa mpya ilitoka kwa mzee mwingine. Niels Christensen, aliyezaliwa Denmark mwaka 1865 akahamia Marekani, alikuwa amepita umri wa miaka 70 alipovumbua namna bora ya kutumia pete ya mpira wa mviringo ndani ya mfereji mdogo. Mwaka 1939 alipewa hati ya uvumbuzi huo. Pete hiyo, oringi kama inavyoitwa na mafundi, haizibi kwa kukandamizwa sana. Hubanwa kiasi tu, nayo hujaza nafasi na kufuata mtikisiko. Wakati wa vita ilienea katika ndege, na mwaka 1955 Harley-Davidson waliweka pete za mpira kwenye manifoldi ya pikipiki zao kubwa, badala ya zile pete za madini.

Lakini mpira nao una tabia zake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu 7 waliokuwamo. Sababu ilikuwa pete ya mpira katika kiungo cha roketi, iliyokakamaa kwa baridi ya asubuhi ile isiweze kuziba. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia, wasisikilizwe. Basi tusifikiri kwamba kudharau ufa ni kosa la watu wa matopeni tu.

Na sisi wa Kongo tuna sababu ya pekee ya kulifikiri neno hili mpira. Wakati wa Dola Huru ya Kongo, tangu 1885 hadi 1908, watu wetu walilazimishwa kuingia msituni kugema utomvu wa mpira. Wengi walipigwa, wengi walikatwa mikono, vijiji vilichomwa. Ulaya na Marekani zilihitaji mpira kwa matairi, tangu Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888. Hata hivyo mpira ule wa msitu hauwezi kuziba petroli. Petroli huuvimbisha na kuulainisha mpaka ukaharibika. Ilibidi kungoja miaka ya 1930, ndipo wataalamu wa Ujerumani walipopata mpira wa kutengenezwa, uitwao naitraili, usiodhuriwa upesi na petroli wala mafuta.

Ndiyo sababu twawaonya ndugu zetu wenye pikipiki wa Kindu. Mara nyingi tumeona kipande cha mpira wa ndani ya tairi kimekatwa kikawekwa kwenye kabureta kama gasketi. Chaziba siku tatu, kisha chavimba, na safari yaishia njiani. Tumeona pia sabuni. Sabuni huweza kuziba tundu la tangi kwa muda, maana petroli haiiyeyushi; lakini karibu na silinda yenye joto hukauka na kupasuka. Gundi nyingi za dukani nazo hulainika kwa petroli, na vipande vyake huvutwa ndani. Ni afadhali karatasi ngumu iliyokatwa vizuri na kupakwa mafuta kidogo, juu ya uso ulionyooka, kuliko gundi ya bei juu ya uso uliopinda.

Pikipiki nyingi tunazopanda leo ni wajukuu wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliona kwamba katika nchi nyingi watu hubebesha pikipiki mizigo mikubwa na hawapati nafasi ya kuitunza. Wakaunda mashine sahili na imara. Viwanda vingi vya China viliiga mashine hiyo. Katika nyingi kati ya hizo, kati ya kabureta na silinda pana bomba fupi, kipande kinachozuia joto, na pete za mpira. Fundi asiitupe hata pete moja, wala asiache kile kipande cha kuzuia joto. Na kwa pikipiki zenye shingo nene ya mpira badala ya bomba la chuma, aikunje shingo hiyo kwa mkono na kutazama: mipasuko hujificha mpaka mpira ukunjwe.

Neno moja zaidi juu ya kupima. Wako wanaonyunyiza petroli juu ya mashine inayonguruma ili kutafuta ufa. Ndugu, msifanye hivyo! Cheche moja yatosha kuchoma pikipiki na mwenye pikipiki. Mafuta ya mashine, au maji yenye sabuni, yatawaonyesha lile lile bila hatari.

Tangu siku ile pikipiki ya parokia imekwenda njia ya Kalima mara nyingi. Kile kipande cha kioo cha dirisha twakihifadhi, kimefungwa kwa kitambaa, pamoja na msasa na rula. Kila mara tunapoifungua kabureta twaweka rula juu ya uso wake na kuiinua kuelekea mwanga. Mwanga ukipita, twajua kazi bado. Na kijiji kile tukikipita, twasimama kuamkia jamaa za marehemu, nao hutupa maji.

Basi, wasomaji, mwenye pikipiki asiione kazi hii kuwa ndogo. Aliyeanzisha MIVA alimpoteza rafiki kwa kukosa chombo; sisi chombo tulikuwa nacho, tukachelewa kwa ufa usioonekana na kwa mkono uliokaza bila kutazama. Kabla ya kukaza, tunyooshe. Kabla ya safari, tuiulize mashine, maana hewa ya wizi haisemi mpaka iulizwe.